Deni la Kujaribu

Jina lake la ubatizo ni Ernestine, lakini tangu Kalundu mpaka Mulongwe wanaolijua ni wachache. Anaitwa Mama Tumaini. Tumaini ni mume wangu, basi yeye ni mama mkwe wangu, na kazi yake ni kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nimekaa kwake, nimekula kwake, nimezalia mikononi mwake. Watu husema ukikaa na mtu unamzoea. Mimi huyu mama sijamzoea bado. Kuna siku namwangalia tu anavyokunja mkeka wake, nasahau kama sufuria iko kwenye moto.

Nyumba yao ya zamani ilichukuliwa na ziwa. Si kwa fujo. Mwaka ule maji yalipanda polepole, yakafika chooni, kisha uani, kisha yakaingia ndani bila kubisha hodi. Asubuhi moja nilisimama mlangoni na mimba yangu kubwa, nikaona samaki wadogo wanaong'aa wakizunguka pale miguu ya kitanda ilipokuwa. Niliogopa, lakini macho yalikataa kutoka. Mama mkwe alikuja akasimama kando yangu, kitenge kimepandishwa mpaka magotini.

"Ona," akasema, "wamekuja kututembelea. Na minye maisha yote nauza ndugu zao."

Halafu akapanda juu ya meza, akaanza kung'oa mabati.

Tukahamia Kakombe, vyumba viwili vya kupanga. Kuhama kunakula pesa. Tulikopa mchele na mafuta kwenye duka la Chabani. Tulikopa karo ya shule ya wadogo zake Tumaini. Mtaji wa Mama wote uliishia kwa mwenye nyumba, kwa hiyo akaanza kuchukua ndagala kwa mkopo kwa Fadhila, mwenye mitumbwi. Ukichukua samaki kwa mkopo, mwenye mitumbwi ndiye anasema bei, weye unaitika. Mama alikuwa akianika, akiuza, akirudisha, na mkononi mwake inabaki harufu.

Ndipo tukasikia kwamba Mzee Ibrahim anauza nyumba yake ndogo kule Kabindula, upande wa mlima, mbali na maji. Mzee Ibrahim ni wa zile familia za Waislamu zenye maduka tangu zamani, na aliwahi kufanya biashara ya chumvi pamoja na marehemu baba mkwe. Mama alikwenda kumwona. Marehemu alikuwa ameacha ng'ombe wawili kwa wachungaji wa Rurambo. Mama aliwauza, pesa yao ikawa sehemu ya kwanza ya bei. Iliyobaki ilikuwa kubwa. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuitoa mfukoni.

"Mama Tumaini, minye sikimbizi muntu," Mzee Ibrahim alimwambia, mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka na Charlotte wangu mchanga ananyonya. "Lakini iko bwana mumoja wa Bukavu anaitaka hii nyumba, na pesa yake iko yote mukononi. Nakungojea mpaka Idi. Idi ikipita bila pesa, nakurudishia ya ng'ombe wako, na tunabaki ndugu."

"Idi iko karibu, Baba Ibrahim."

"Miezi tatu, na mumoja muzima wa kufunga, iko karibu? Uliza tumbo yangu!"

Walicheka wote wawili. Mama alitoka pale akagusa ukuta wa nje kwa kiganja, kidogo tu, kama unavyogusa paji la mtoto kuona kama ana homa. Nikajua kwamba nyumba imemwingia.

Kesho yake tulikwenda koperative, chama cha akiba na mikopo. Mimi nilifuata kwa sababu ya kubeba karatasi, na pia nilitaka kuona. Anayeshughulikia mikopo ni kijana anaitwa Placide, mwenye sauti ya chini. Alieleza mara mbili bila kuchoka. Mkopo wa nyumba ni wa miaka mitatu, unalipa kila tarehe kumi na tano, na karatasi ya nyumba inalala kwao mpaka umalize. Ukishindwa, nyumba inauzwa. Halafu kuna njia mbili. Ya kwanza, faida, yaani riba, imesimama: unalipa dola mia na kumi kila mwezi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, dunia ipinduke isipinduke. Ya pili, faida inatembea: unaanza na tisini, lakini kila miezi sita koperative inaangalia soko la pesa linasema nini, inapandisha au inashusha.

"Inaweza kushuka?" Mama aliuliza.

"Inaweza, mama."

"Na kupanda, inafika wapi?"

Placide aliweka kalamu chini. "Mama, nikikuambia najua, nitakuwa nimekudanganya."

Nilimpenda kwa hilo. Akaongeza kwamba deni za nyumbani zikibaki vile zilivyo, hii ya nyumba haitapata pumzi, iwe ya kusimama au ya kutembea. Afadhali zipungue kwanza.

Jioni tukiwa tunakula bugali na sombe, Tumaini alikuwa ameshaamua.

"Mama, tuchukue ile ya kutembea. Dola makumi mbili inabaki kila mwezi, njo tutalipia Chabani na Fadhila. Hesabu iko wazi."

Tumaini anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, na hesabu za haraka ndizo kazi yake.

"Na ikipanda?" Mama akauliza.

"Itapanda, itashuka. Vitu vyote viko vile."

"Weye unanifundisha kupanda na kushuka? Minye nauza ndagala!"

"Basi chukua ya kusimama."

"Na nikishindwa mia na kumi?"

"Sasa Mama, unataka nini?"

Mama alinawa mikono. Alichukua muda kuipangusa. "Nataka kuibeba kwanza," alisema. "Mbele ya kuichukua."

Hatukumwelewa. Akaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza namna ya kukausha samaki. Tungefanya kama deni la nyumba tayari ni letu. Kila mwezi tungetoa pesa ya koperative, kweli kweli, mpaka Idi. Lakini kwa kuwa koperative haijatukopesha kitu, pesa hiyo ingekwenda kwa Fadhila, na Chabani, na shule. "Hawa njo koperative yangu kwa sasa. Nikiweza kuwalipa hawa kama ninavyotakiwa kulipa nyumba, nitajua mabega yangu yanasema nini."

Tumaini alicheka mpaka maji yakampitia puani. "Deni ya kujaribu! Kama kiatu!"

"Eh. Kama kiatu. Weye ulinunua kile cha kahawia bila kujaribu, kiko wapi?"

Mdogo wake Tumaini akajibu haraka, "Iko inanibana minye sasa!" Tukacheka tena. Lakini usiku mzima kichwa changu kilibaki pale. Mimi nilisoma mpaka la sita tu. Walitufundisha kujumlisha na kutoa, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kubeba mzigo ambao bado haujafika, kusudi autambue ukifika.

Mwezi wa kwanza tulijaribu ile nyepesi, tisini. Giza la usiku usio na mwezi lilileta samaki, Mama aliuza vizuri, akatoa tisini yote akampelekea Fadhila bila kuwaza tarehe. Fadhila alishangaa, akaita mpaka mtoto wake aje aone. Ilikuwa rahisi. Tumaini alitembea siku hiyo kifua mbele. Lakini mwisho wa mwezi Mama alituuliza swali moja, "Ile makumi mbili iliyobaki iko wapi?" Tukaanza kuhesabu. Haikuwa imeibwa. Alikuja mgeni kutoka Bijombo, tukanunua sukari. Nilinunua nguo ya Charlotte. Moto ilimwaga mafuta. Hakuna aliyefanya kosa, na pesa haikuwepo.

"Nilifikiri hivyo," Mama alisema, na hakugombeza mtu.

Mwezi wa pili tukajaribu nzito, mia na kumi. Safari hii Mama alitaka tufuate kabisa, hata tarehe ya biro, ile ofisi ya koperative. Na hapo ndipo tulipoanguka, kwa jambo ambalo sisi watu wa ziwa tulipaswa kulijua kuliko wote.

Ndagala huvuliwa kwa taa. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, samaki wanakimbilia mwanga wakidhani ni mwezi. Sasa mwezi wenyewe ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, taa inakuwa kitu cha kuchekesha, na wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Siku hizo pwani inakuwa tupu. Wauzaji tunakula tulichoweka. Tarehe kumi na tano ya mwezi ule iliangukia hapo hapo, mwezi ukiwa mweupe kama sahani. Nilimwona Mama amesimama pwani asubuhi, mitumbwi imelala juu ya mchanga, mikono yake nyuma. Alikuwa na sabini. Akaipeleka kwa Fadhila ile ile sabini, lakini ndani ya jaribio letu hiyo ilikuwa kushindwa. Kama ingekuwa kweli, karatasi ya nyumba ingeanza kutikisika.

Tumaini hakumcheka. Ilikuwa mbaya zaidi, alimhurumia. "Mama, umeona. Na ya kutembea ingekuwa tisini, na hiyo pia hukuwa nayo. Turudishiwe pesa ya ng'ombe. Tuendelee kupanga."

Mama alianza kuhesabu siku kwa vidole. Mimi moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuaga ule ukuta wa Kabindula. Halafu akasema, "Pesa ilikuwa. Siku zile za giza pesa ilikuwa mukononi mwangu, tena ikazidi. Niliingoja tarehe. Nani anangoja tarehe na samaki mukononi?"

Akavaa kitenge chake cha kutokea, akaenda kwa Placide, na mimi nyuma yake. Akamuuliza kama koperative inaweza kumdai kwa kufuata giza, si kwa kufuata tarehe.

Placide alicheka kwa wema. "Mama, mashine inajua tarehe tu. Hata minye nikitaka, itakataa." Akafikiri, akikuna kidevu. "Lakini mashine haikatazi kulipwa mapema. Weka pesa siku unayoipata, hata wiki mbili mbele. Itakaa pale. Tarehe ikifika, mashine itajichukulia yenyewe."

"Na haitachukua mara mbili?"

"Haitachukua mara mbili."

"Uniapie."

"Mama!"

"Minye siijui hiyo mashine. Weye nakujua."

Akaapa, mkono juu, watu wa kwenye foleni wakacheka. Tuliporudi njiani Mama alikuwa anatembea haraka mpaka nikashindwa kumfuata na mtoto mgongoni. Alikuwa anasema peke yake, "Mapema. Mapema. Angalia kitu chenyewe kilivyo kidogo."

Ikabaki mara moja tu ya kujaribu ile mia na kumi, lile giza la mwisho kabla ya Idi. Fadhila na mumewe walikuwa wanafunga, Mzee Ibrahim alikuwa anafunga, na mji wote ulikuwa unahesabu mwezi, kila mtu kwa sababu yake. Mama alipata samaki wazuri siku za kwanza. Aliweka sitini pembeni. Halafu upepo ukashuka kutoka mlimani, ziwa likakasirika, mitumbwi haikutoka. Na siku hiyo hiyo injini ya moto ya Tumaini ikakatika.

Alirudi akiisukuma, uso umejaa vumbi.

"Mama, unisaidie ile sitini. Bila moto hatuli."

"Ile iko ya koperative."

"Koperative gani? Haijatupa hata senti! Ni mchezo wako, Mama! Fadhila anaweza kungoja, amengoja miezi yote hii."

"Fadhila anaweza. Ule wa mwakani, koperative, hataweza. Mwakani injini haitakatika? Upepo hautashuka?"

"Kwa hiyo unakataa."

"Nakataa, mwanangu. Na inaniuma."

Alitoka bila kula. Mimi nilibaki kati yao, nikimpangusa mtoto ambaye hakuwa mchafu. Nilikuwa upande wa mume wangu, nitasema ukweli. Niliona huyu mama amekuwa mgumu kama jiwe.

Asubuhi hakuwa ndani. Nilimkuta pwani, kwenye mchanga wa Fadhila. Upepo ulikuwa umetulia, mitumbwi imerudi, na ndagala za Fadhila zilikuwa zimemwagwa kwenye mchanga mpaka macho yanaumia kwa rangi ya fedha ya mizoga ile midogo. Mama alikuwa ameinama katikati ya wasichana wa kibarua, anageuza samaki za mwenzake, kwa malipo ya siku. Mama Tumaini, ambaye zamani alikuwa na vibarua wake mwenyewe.

Wanawake wa pwani hawana huruma kwa mdomo. "Yoo, Mama Tumaini! Umekuwa mufanyakazi?"

"Nyamazeni," akajibu bila kuinua mgongo. "Nalipa nyumba ambayo sina."

"Unalipa nyumba ambayo huna!"

"Eh. Na nyinyi mnalala mu nyumba ambazo hamlipi. Nani mujinga?"

Pwani nzima ililipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilimwangalia yule mama na mgongo wake, jua likipanda kutoka upande wa Burundi na kumwagika juu ya samaki wote wale, juu ya mikono yake inayogeuza, inayogeuza, na nikahisi kitu nilichohisi kanisani mara moja au mbili tu. Sikujua mtu anaweza kuwa mkubwa namna hii huku ameinama. Nilimfunga Charlotte vizuri mgongoni, nikakunja kitenge changu, nikaingia kwenye mchanga kando yake. Alisogea kidogo kunipa nafasi.

Tulifanya hivyo mpaka mwezi mpya ulipokaribia. Siku ya tatu Tumaini alikuja pia, akabeba mabeseni, uso ameuficha chini ya kofia. Mama alimtupia utani mmoja kuhusu viatu, basi, yakaisha. Mia na kumi ilitimia siku moja kabla ya Idi. Kwa Fadhila ilikuwa imebaki kidogo, Mama akamaliza. Iliyobaki ikaenda kwa Chabani na shule. Madeni hayakuisha yote, lakini kile kilichobaki unaweza kukitazama usoni.

Fadhila alipopokea ya mwisho alimshika Mama mkono. "Tangu kesho chukua samaki kwa pesa, kwa bei ya watu wote. Na mwezi ukiwa mweupe uje tunywe chai tu."

Siku ile ile, kabla biro haijafunga, tulikuwa mbele ya Placide. Aliuliza kwa heshima kama Mama ameamua njia gani.

"Ya kusimama," alisema.

Tumaini, hata pale, alijaribu. "Mama, tisini..."

"Tisini tuliibeba. Ilikuwa nyepesi, na wepesi wake tuliula sukari. Hii nzito imenivunja mugongo na sikuanguka. Minye nabeba ile ninayoijua." Akamgeukia Placide. "Nionyeshe pa kuandika."

Aliandika jina lake lote, Ernestine, herufi moja moja, ulimi umebana meno. Koperative ilimlipa Mzee Ibrahim pesa iliyobaki. Jioni watu walikuwa barabarani wanatafuta mwezi juu ya mlima, na Mzee Ibrahim akatuletea ufunguo mwenyewe, kanzu yake mpya bado ina mikunjo ya duka. "Mwezi umeonekana," alisema, "na weye umeonekana." Akakataa hata maji, akacheka, akaenda zake kula.

Sasa tunakaa Kabindula. Sitasema kwamba Mama alishinda, kwa sababu si hivyo. Miezi sita ya kwanza ilipoisha, faida ile ya kutembea ilishuka. Jirani yetu aliyeichukua analipa themanini na tano, na anapenda kulisema akiwa kwenye bomba la maji. Tumaini alilileta nyumbani, nusu kwa utani, nusu kwa uchungu.

Mama alikuwa anachambua maharage. "Ishuke," alisema. "Nafurahi kwa ajili yake. Anao watoto wengi."

"Na weye, Mama? Haikuumi?"

"Ya mwezi ujao nimeshaiweka kule biro. Hata ya mwezi unaofuata, nusu."

Mchana ule niliingia chumbani kuchukua nepi nikamkuta amelala. Amelala sakafuni juu ya saruji, mlango wazi, mchana kweupe, mdomo umefunguka kidogo, na samaki wa kuuza wako uani bila mtu wa kuwageuza. Tangu nimjue sikuwahi kumwona amefumba macho jua likiwa juu. Nilisimama pale na nepi mkononi. Chini kabisa ziwa lilionekana kupitia mlango, pana, limetulia, halina habari na mtu. Watoto waliingia mbio nikawaonyesha kidole mdomoni, wakapita kwa ncha za miguu wakizunguka miguu yake.

Kisha nikaenda uani kuwageuza samaki.